Nimesoma vitabu vya mafanikio mpaka naona vyote ni kimoja, riwaya nazo zinanipa usingizi. Nichague vipi?

"Shikamoo mama mkutubi. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, niko Dodoma, nafanya kazi ofisi ya mikopo midogo. Kwa miaka kama mitano nimekuwa nasoma vitabu vya mafanikio na pesa, nimeshamaliza kama 23 hivi. Saivi nikifungua kipya naona kama nilishakisoma, na ukiniuliza kile cha mwezi uliopita kilisema nini siwezi kukwambia. Mke wangu ananishauri nisome riwaya. Nikanunua Nagona ya Kezilahabi kwa sababu ni kijitabu chembamba na jina la mwandishi nalijua tangu shule, nimeanza mara tatu na kila mara naishia ukurasa wa nne au wa tano usingizi umenibeba. Alafu moyoni najisikia vibaya, mtu mzima nina watoto watatu, binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili, nakaa nasoma hadithi za uongo wakati ningekuwa najifunza kitu. Natenga elfu 30 kwa mwezi kwa ajili ya vitabu. Nisome mchanganyiko gani bila kupoteza hela na muda?"

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na naona umefunga mambo matatu kwenye fundo moja: umechoshwa na vitabu unavyovijua, unaogopa vile usivyovijua, na katikati unajilaumu kwamba kichwa chako kimeisha. Kichwa chako kizima kabisa. Ngoja tulifungue hilo fundo taratibu, na nianze na Nagona maana hapo ndo umeumia bure.

Nagona si kitabu cha kuanzia. Kezilahabi alikitoa mwaka 1990, miaka karibu ishirini baada ya riwaya yake ya kwanza, na wakati huo alikuwa ameshaachana na hadithi ya kawaida yenye fulani alizaliwa, akaoa, akagombana na baba mkwe. Mule ndani kuna safari, kuna ndoto, kuna falsafa, mambo yanatokea bila mtu kukueleza uko wapi wala ni lini, na hata walimu wa fasihi wa vyuo vikuu bado wanabishana kinasema nini. Wewe ukakinunua kwa sababu ni chembamba, na hili kosa nimeliona mezani kwangu miaka na miaka, mtu anapima kitabu kwa unene kama anapima mzigo, kumbe kuna vitabu vya kurasa mia nne vinavyoteremka kama uji na kuna vya kurasa sitini unavyohitaji kuvirudia mara tatu ndo vianze kufunguka. Kwahiyo ule usingizi haumaanishi kwamba wewe na riwaya hamuwezani. Uliingilia mlango wa nyuma tu. Mwandishi huyohuyo angekushika ungeanza na Rosa Mistika ya 1971, nitarudi kwake baadae.

Sasa kwanini vitabu vya mafanikio vimekuwa kimoja. Mimi sivibezi, nimeviazimisha kwa watu wengi na najua vile vitatu vinne vya mwanzo vilikupa kitu, labda ndo vilikufundisha kuandika matumizi kwenye daftari au kuacha kukopesha ndugu hela ya kodi. Ila angalia vilivyojengwa: wazo moja linatajwa mwanzoni, inakuja hadithi fupi ya mtu aliyekuwa maskini akafanikiwa, zinafuata hatua tano au saba, alafu sura inayofuata inarudia wazo lilelile kwa nguo nyingine. Ukifika kitabu cha sita jicho lako linajua sentensi inaelekea wapi kabla haijafika, na akili ikishajua inaacha kufanya kazi, inapitisha macho tu. Kitu ambacho akili haikukihangaikia haikiweki. Ndo maana hukumbuki cha mwezi uliopita, maana hakukuwa na kipya cha kushika, kilichokuwemo ulishakibeba tangu kitabu cha tatu.

Riwaya ni kinyume chake, na hii hawakuelezi watu. Riwaya inakudai mwanzoni alafu inalipa baadae. Chukulia umeenda kwenye msiba wa familia usiyoijua vizuri, saa la kwanza umekaa kwenye mkeka hujui yule mama anayelia kwa sauti ni dada au ni mke mkubwa, hujui kwanini wale vijana wawili wamekaa mbali na wenzao, majina yanakuchanganya, unatamani uage. Ukikaa mpaka jioni unajua nani hasemeshani na nani na ni kwa ajili ya shamba lipi. Kurasa 30 za mwanzo za riwaya ndo lile saa la kwanza. Kitabu cha mafanikio kinakulipa ukurasa wa kwanza, umekizoea hivo kwa miaka mitano, kwahiyo ukikutana na kitabu kinachokuomba usubiri unahisi kimekosea au wewe ndo umekosea. Hujasema unasoma saa ngapi, ila kwa mtu wa ofisi nadhani ni usiku kitandani umeshachoka. Zile kurasa 30 za mwanzo usizisomee kitandani hata siku moja. Zisome Jumamosi asubuhi umekaa kwenye kiti, simu iko chumba kingine, nusu saa mpaka saa zima bila kukata, ukishawajua watu wa mule ndani unaweza kuendelea nao popote, hata kwenye daladala.

Tuje kwenye lile neno lako, hadithi za uongo. Hapa sikubaliani na wewe kabisa na nitakueleza kwanini.

Kwenye Rosa Mistika kuna baba anaitwa Zakaria, yuko kisiwani Ukerewe, ana mabinti na anataka wawe na adabu. Anampiga Rosa kipigo kibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukisoma kwa haraka unasema baba mkali, basi. Ila Kezilahabi anakukalisha na yule binti mpaka anaondoka nyumbani, na unaona jinsi mtoto aliyefundishwa kumuogopa mwanaume na hakufundishwa kitu kingine chochote anavyoingia duniani bila silaha, na mwisho wake unauma. Kitabu hicho kiliwatia watu wazima hofu mpaka kikazuiwa kutumika mashuleni kwa muda, na baadae kikarudi. Wewe una binti kidato cha pili. Kitabu cha malezi kitakwambia "zungumza na mtoto wako," utatikisa kichwa na utasahau kabla ya chakula cha usiku. Rosa atabaki na wewe, siku utakayokuta ujumbe wa mvulana kwenye simu ya binti yako utamkumbuka Zakaria kabla mkono haujanyanyuka. Hakuna Rosa aliyezaliwa Ukerewe kwa jina hilo, ni kweli, lakini ukiuita uongo umeutaja kwa jina lisilo lake. Na kwa kazi yako ya mikopo ndo kabisa, fomu inakuonyesha mapato ya mtu, haikuonyeshi aibu yake, na riwaya nzuri imejaa hiyo aibu. Sitakwambia kwamba itakuongezea mshahara. Ila utaanza kumsikiliza mteja tofauti.

Na upande wa pili pia kuna dhana ya kurekebisha, kwamba kitabu kikiwa cha ukweli basi kila kilichomo ni ukweli mtupu. Nikupe mfano ninaoupenda sana, na ukiweza ufuate kama ulivyo maana kwangu mimi ndo mfano mzuri kuliko yote wa kuchanganya vitabu.

Chukua biashara ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, pwani kwenda bara, miaka ya 1800. Kitabu cha kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Ni mtu wa kweli, alifariki Zanzibar 1905, aliandika kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ni kitabu cha ukweli kabisa. Na ukikisoma unakuta mfanyabiashara anahesabu: pembe kiasi gani, bunduki ngapi, nani kamdhulumu, nani kamlipa. Watu wanaokamatwa na wanaobeba mizigo wanapita kwenye hesabu tu, hawasemi. Sasa weka pembeni yake Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, kilitoka 1934, kinaeleza waliokamatwa, wakaokolewa baharini na Waingereza na kupelekwa Freretown, makazi ya walioachiwa huru kule Mombasa, na mwandishi mwenyewe ni wa uzao wa watu hao. Hapo unasikia sauti ambazo Tippu Tip hakuziandika. Lakini na Mbotela ana jicho lake, anawasifu Waingereza mno, mpaka unajiuliza mbona hawa waokoaji hawana kosa hata moja. Alafu kitabu cha tatu kiwe riwaya, Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza 1994 na Dkt. Ida Hadjivayanis akaitafsiri, Kiswahili chake kikatoka 2022. Humo kuna kijana Yusuf, baba yake anadaiwa, anakabidhiwa kwa tajiri kufidia deni na baadae anaingia kwenye msafara wa bara. Wewe mtu wa mikopo hebu fikiria hapo, mtoto ndo dhamana. Yale ambayo Tippu Tip hakuyaona ya maana na Mbotela aliyafunika na shukrani, Gurnah anayaweka ndani ya kifua cha mtoto mmoja.

Ukimaliza vitatu hivyo huwezi tena kuniuliza kipi ni cha kweli na kipi ni cha uongo kwa maana uliyoiuliza mwanzo. Utaanza kuuliza huyu anasimama wapi, anaona nini, na nani hajapewa nafasi ya kusema. Na hilo swali utalirudisha hata kwenye vitabu vyako 23, maana mtu anayekueleza alivyotajirika na yeye anasimulia maisha yake mwenyewe, anachagua cha kusema.

Hapo ndo njia yangu ya kuchagua ilipo, na niliipata kwa msomaji. Kulikuwa na kijana dereva wa bajaji alikuwa anakuja kila wiki anaazima riwaya za upelelezi tu, hasa za Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, siku moja zikawa zimeazimwa zote nikampa Kuli ya Adam Shafi. Alirudisha baada ya siku nne, kitabu amekifunika na gazeti kisichafuke, hakunipa salamu vizuri, akaniuliza "mama, huu mgomo ulitokea kweli?" Nikamwambia ndio, makuli wa bandari ya Zanzibar waligoma 1948. Akasimama pale kidogo alafu akasema "basi nataka kitabu cha hao watu wenyewe, kilichotokea." Kijana ambaye hajawahi kugusa rafu ya historia akaiendea mwenyewe kwa miguu yake, akafuatia Wasifu wa Siti binti Saad alioandika Shaaban Robert, ule wa mwimbaji aliyetoka Fumba maskini, akauza vyungu, akaja kurekodi nyimbo Bombay mwaka 1928, kwa sababu alitaka kujua watu wa hali ya chini wa Zanzibar ya wakati ule waliishije. Na baada ya Siti akarudi kwenye riwaya, akataka Vuta N'kuvute, nayo ya Adam Shafi.

Umeona alichofanya? Hakuwa na ratiba ya kwamba mwezi huu riwaya mwezi ujao historia. Alimaliza kitabu akabaki na swali, na swali ndo likamchagulia kinachofuata. Hizo ratiba nimeona watu wakizibandika ukutani na mwezi wa tatu wameacha, kwa sababu ratiba haina njaa ndani yake. Kwahiyo ukifunga kitabu, kabla hujakiweka, jiulize kimenibakisha na nini. Kama ni riwaya na umebaki unataka kujua kilichotokea kweli, nenda kwenye historia au wasifu. Kama ni cha ukweli na umebaki unajiuliza watu walijisikiaje, nenda kwenye riwaya au tamthilia. Na kama hujabaki na swali lolote, hata kama ulikifurahia, kinachofuata usichukue cha aina ileile.

Kuhusu kuchagua ukiwa umesimama dukani, usisome jalada la nyuma maana lile limeandikwa kukuuzia. Fungua katikati, soma kurasa mbili. Mwanzo wa kitabu mwandishi anaung'arisha, katikati ndo unaona anavyoandika siku za kawaida. Kwa kitabu cha ukweli angalia vitu viwili vya ziada, kimetoka mwaka gani, na mwandishi anasema alijuaje anachokisema, alikuwepo, aliwahoji watu, alisoma nyaraka, au anasema tu. Asiposema alijuaje, rudisha. Na ukishanunua au kuazima, kipe kurasa 50 za kusoma kwa haki, ikifika hapo hujali nini kinawapata wale watu basi kiache bila kuona haya, hakuna mtihani.

Hela yako elfu 30 ni nyingi kuliko unavyodhani kama hutanunua kila kitu. Dodoma kuna maktaba ya mkoa, nenda kajiandikishe, ada yao kwa mwaka ni ndogo ukiweka pembeni hizo elfu 30 za kila mwezi. Unaazima vya kujaribu, unanunua kile ulichokipenda mpaka unataka kiwepo nyumbani watoto wakue nacho. Nikwambie na ukweli wake, rafu zetu za Kiswahili zina riwaya, ushairi na tamthilia nyingi nzuri, lakini upande wa sayansi na afya bado hamna vya kutosha, vipo vichache kama Mahali Pasipo na Daktari ambacho kila nyumba ingefaa iwe nacho, kile unakifungua panapohitajika tu, sio cha kusoma mwanzo mwisho. Kwahiyo kwa maarifa ya namna hiyo endelea na Kiingereza chako. Ila riwaya anza na za Kiswahili, maana riwaya inataka usikie mtu anavyoongea, na wewe unasikia vizuri zaidi kwa lugha unayogombana nayo na kubembeleza nayo. Zile nakala za PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp najua unazo, nyingi zimetolewa bila mwandishi kupata hata shilingi, na waandishi wa Kiswahili wanaoishi kwa vitabu vyao ni wachache mno. Kama hakipatikani popote naelewa, ila kikipatikana kinunue. Na kama mke wako anasoma hadithi kwenye simu usizidharau, na huko ni kusoma, mwulize anasoma nini.

Kusahau nako kuna dawa ndogo. Ukimaliza kitabu mhadithie mkeo kwa dakika tano, kwa mdomo, bila kukifungua. Utakwama sehemu, na pale unapokwama ukirudi kuangalia hapo ndo panabaki. Ni kama alivyokuwa anafanya bibi yako, hadithi aliijua kwa sababu aliisimulia.

Kuna kitu kimoja nataka ukifuatilie kwa wataalamu, ana kwa ana. Una miaka 41, na huo ndo umri ambao macho ya karibu yanaanza kuchoka kwa watu wengi. Ukijikuta unasogeza kitabu mbali, herufi zinacheza ukisoma usiku, au kichwa kinauma baada ya dakika ishirini, nenda kliniki ya macho upimwe kabla hujailaumu Nagona tena, nimeona wasomaji wawili watatu waliosema "siku hizi vitabu vinanichosha" wakarudi na miwani na wakawa wanamaliza kitabu kwa wiki. Na kama kutokushika mambo hakuko kwenye vitabu tu, hata mpira huufurahii, hata mazungumzo yanakuponyoka, usingizi umevurugika na imekuwa hivo kwa wiki kadhaa, hapo usitafute kitabu, tafuta daktari umweleze kama ulivyonieleza mimi.

La mwisho, ukifika maktaba usimwambie mkutubi "nipe kitabu kizuri," hatujui pa kuanzia. Mwambie kitabu cha mwisho kilichokufanya uchelewe kulala ni kipi, hata kama ulikuwa na miaka 15, na kilikushika kwa nini. Kama huna cha kumtajia, mwombe Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Kuna maiti, kuna watu wanaosema ni kazi ya mizimu, na kuna Bwana Msa na kiko chake anayekataa kuamini asichokipima. Kianze Jumamosi hii asubuhi. Na Nagona usiiuze wala usiigawe, iweke juu ya kabati, na siku utakapokuwa umeshasoma Rosa Mistika na Dunia Uwanja wa Fujo, nayo ya Kezilahabi, utaishusha mwenyewe.